Joey DeFrancesco: Mtu Mmoja, Kazi ya Wawili

DADA: Haya kaka, leo zamu yangu kuchagua. Joey DeFrancesco, yule mpiga ogani wa jazi! Nikuonye mapema, kwa huyu mimi sina kiasi.

KAKA: (anacheka) Najua. Ila nijibu kwanza. Nimetazama video zake, mbona mpiga besi haonekani? Kuna dramu, kuna gitaa, basi.

DADA: Mpiga besi ni yeye mwenyewe. Ile ogani yake, Hammond B-3, ina safu mbili za vitufe, na chini kuna pedali 25 za miguu. Mkono wa kushoto unatembeza besi, mguu unagusagusa pedali ili besi ipate kishindo, na mkono wa kulia ndio unaopiga solo na kuchanganya watu. Yote kwa pamoja, na kwa kasi ile!

KAKA: Na yeye ametulia kama yuko barazani anakunywa kahawa.

DADA: Kakulia humo. Kazaliwa Pennsylvania mwaka 1971, na baba yake, Papa John DeFrancesco, naye ni mpiga ogani. Joey alianza akiwa na miaka 4. Alipofika 10 alikuwa anapiga klabuni Philadelphia na wakongwe kama Hank Mobley wa saksafoni na Philly Joe Jones wa dramu.

KAKA: Subiri. Philly Joe Jones yule wa bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta?

DADA: Huyohuyo. Na Miles mwenyewe akaja kumchukua Joey. Kijana wa miaka 17, anazunguka Ulaya na Miles! Alirudi na ugonjwa wa tarumbeta. Ungemkuta jukwaani mkono wa kulia umeshika tarumbeta, wa kushoto bado unatembeza besi.

KAKA: Hapo nampa heshima. Lakini dada, wakati mwingine noti zinazidi. Mtu hapumui!

DADA: Kwenye solo, labda. Basi acha solo, fuata mkono wa kushoto tu. Chukua albamu *Tokyo Live*, iliyorekodiwa mwaka 1993, yeye na John McLaughlin kwenye gitaa, Dennis Chambers kwenye dramu. Chambers anapiga kama anavunja nyumba, lakini besi haiyumbi.

KAKA: Na ile aliyopiga na Jimmy Smith, mpiga ogani mwenzake?

DADA: *Incredible!*, iliyorekodiwa San Francisco, 1999. Smith ndiye aliyewafundisha wote kuwa ogani inaweza kuongoza bendi ya jazi. Fikiria kupiga mbele ya mtu huyo, kila mmoja na ogani yake, na ogani moja na vikorokoro vyake inakaribia kilo 200. Namhurumia aliyebeba!

KAKA: Joey alifariki lini vile?

DADA: Agosti 2022, akiwa na miaka 51. Mwaka mmoja kabla alitoa albamu *More Music*, na humo anapiga pia saksafoni ya tena.

KAKA: Juu ya vyote hivyo?

DADA: Na anaimba. Tusikilize kwanza, ubishi baadaye.