Vipimo vya Virusi vya Farasi Vijaribiwe kwa Damu ya Hapa

Waheshimiwa wahadhiri, madaktari wa mifugo na wanafunzi,

Nimelisema jambo hili katika mikutano mingi na nitaendelea kulisema: kipimo cha damu kilichothibitishwa kwa farasi wa Ulaya au Marekani kisitegemewe Uganda mpaka kijaribiwe kwa damu ya wanyama wanaoishi hapa.

Chukueni virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu na vilivyogunduliwa nchini humu mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa. Farasi akiambukizwa, virusi huwa vichache katika damu yake na hutoweka mapema, mara nyingi kabla hajaanza kuyumba. Anayevitafuta kwa PCR, kipimo kinachosaka chembe za urithi za virusi vyenyewe, hupata jibu hasi kwa mnyama aliye mgonjwa kweli. Ndiyo sababu tunatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda kupambana na virusi. Zile za IgM hufifia baada ya miezi michache, hivyo huashiria maambukizi mapya, ilhali za IgG hudumu, na farasi aliyechanjwa anazo pia.

Virusi hivyo vina ndugu: vya homa ya manjano, vya Usutu, na vya Zika vilivyopatikana mwaka 1947 katika msitu ulio karibu na Entebbe. Protini zao za nje zinafanana kiasi kwamba kingamwili za mmoja hunasa protini za mwenzake katika ELISA, kipimo cha maabara cha kutafuta kingamwili. Mtengenezaji aliyepanga kiwango cha kutenganisha hasi na chanya kwa seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili) za nchi ambako ndugu hao ni adimu anaweza, bila kukusudia, kumhesabu farasi wetu kuwa ameambukizwa West Nile ilhali hajawahi kukutana nayo. Yatupasa kukusanya seramu za farasi na punda wa hapa, kuzichanganya na virusi hai vya kila ndugu, kutazama ni virusi vipi vinavyozuiwa hata seramu ikizimuliwa sana, na baada ya hapo kukipanga kiwango upya.

Wapo wasemao kwamba farasi nchini ni wachache, basi fedha ziende kwa ng'ombe. Hawajaitazama kazi ya kipimo chenyewe. Farasi hamrudishii mbu virusi vya kutosha kumwambukiza, lakini damu yake hutuonyesha kwamba virusi vinazunguka kati ya ndege na mbu mahali alipo, na mbu hao hutuuma sisi pia.

Kuhusu tauni ya farasi ya Kiafrika nitasema machache: virusi vyake hujaa katika damu wakati wa homa, hivyo PCR itangulie. Kuhusu upungufu wa damu unaoambukiza, kipimo cha Coggins cha mwaka 1970, kinachotafuta kingamwili, bado kinafaa, kwa kuwa virusi hukaa mwilini maisha yote. Uangalifu unahitajika kwa mtoto wa farasi aliyenyonya kingamwili za mama yake.

Nawaomba madaktari mliopo mchukue damu ya pili kwa kila farasi mgonjwa baada ya wiki mbili hadi nne, mwandike chanjo alizopata, na mgandishe seramu iliyobaki badala ya kuimwaga.