Ezeka Kwanza, Godoro Baadaye

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie hema jepesi, la kubeba mgongoni msimu wa mvua. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi, na leo naanzia hapohapo, kwa sababu kila Novemba mvua zikianza hapa Mbeya napigiwa simu na mtu mwingine aliyelala ndani ya maji.

Mtu akitafuta hema huuliza kwanza, "Lina kilo ngapi?" Kilo ni jambo kubwa, sibishi. Ukitoka uwanda wa juu wa Kitulo kwa miguu kushuka Matema, unateremka kutoka mita 2,600 hivi hadi chini ya mita 500 pale Ziwa Nyasa, na magoti yatakukumbusha kila ulichobeba. Lakini mimi nauliza kwanza hivi: hema hilo likisimikwa, kinatangulia nini, paa au chumba?

Hema la maana la mvua lina matabaka mawili. Ndani kuna chumba unamolala, chenye sakafu, na kuta zake nyingi ni wavu. Nje kuna paa, kitambaa kisichopitisha maji. Mengi yanayouzwa yametengenezwa hivi: unatandaza chumba chini, unapitisha fito, kinasimama, ndipo unafunika paa. Kwenye uwanja mkavu halina shida. Mvuani, chumba kinasimama wazi, wavu ukiangalia mawingu.

Niliona hayo Kitulo, mwezi wa Februari, nikiwa na mdogo wangu. Tulitembea tangu asubuhi ndani ya ukungu. Saa kumi jioni mvua ikateremka, ile ya kwetu ya juu, inayokuja na upepo wa ubavuni. Tukatandaza chumba. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, ufito haukuingia kwenye tundu lake, nikawa napapasa tu. Mdogo wangu akashika paa, upepo ukalipeperusha, akalikimbilia. Haikufika hata dakika sita, saba. Tulipofunga kamba ya mwisho nikafungua zipu, nikaweka kiganja sakafuni, na maji yakanifika kwenye kifundo cha mkono. Ile sakafu isiyopitisha maji ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa: imeyakinga yasitoke. Tuliyakomba kwa kikombe cha chai, tukafuta kwa fulana, na usiku kucha yule mtoto alitetemeka mpaka meno yakagongana. Alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimkumbatia hadi kulipopambazuka, na tangu siku hiyo sijasimika chumba kabla ya paa.

Mtaniambia, si mngesubiri ipungue? Watu wa Tukuyu mliomo humu, waambieni wenzenu mvua ya Rungwe inasubiriwa mpaka lini. Mwingine ananiambia twende kiangazi. Kitulo inaitwa Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua, na maua hayo yanachanua Desemba hadi Aprili, kwenye mvua zenyewe. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, na usiku umande unaganda. Anayetaka maua atayafuata mvuani.

Hakuna fundi anayeingiza godoro ndani ya nyumba ndipo apande kuezeka. Basi tafuta hema ambalo paa linasimama lenyewe kwanza, na chumba unakining'iniza chini yake ukiwa umeshajikinga. Yapo, na si mazito. La mtu mmoja unalipata kwa kilo moja na kidogo, la wawili kwa chini ya mbili, na mengine husimama kwa fimbo zako za kutembelea, hivyo hubebi fito. Asubuhi unafanya kinyume: unakunja chumba kikavu ndani, unakitia begini, paa lililolowa unalifungia nje peke yake.

Sasa kitambaa. Wengi tunanunua mitumba, na hapo mnaumia. Paa la zamani linang'aa kwa nje, rangi bado nzuri. Ligeuze. Sugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Likikunatia kama gundi, au likitoa vumbi jeupe kama ngozi iliyobabuka, na harufu ya kuchacha, utando unaozuia maji umekufa. Liache hapohapo sokoni. Mtu aliwahi kuniuzia la namna hiyo akaniapia ni jipya, nami sikuligeuza.

Kuna nailoni na kuna poliesta. Nailoni iliyopakwa silikoni ni nyepesi na ngumu kuchanika, ila ikinyonya maji inalegea. Umeifunga ikiwa imekaza kama ngoma, saa mbili baadaye imebonyea na kugusa chumba. Inabidi utoke ukaze kamba kabla ya kulala. Poliesta hailegei hivyo. Ile namba ya milimita wanayoandika, tuseme 1,500, ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kuubeba kabla hayajapenya. Kwa paa inatosha. Sakafu nataka kubwa zaidi, maana goti lako linasukuma maji kutoka chini kwa nguvu kuliko tone linavyosukuma kutoka juu. Turubai unalotandika chini ya sakafu lisichomoze nje ya hema hata kidogo, litakusanya mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako.

Halafu jasho. Mtu anaamka amelowa, analaumu hema linavuja. Halivuji! Ni pumzi zake mwenyewe. Mvuke umepanda, umekuta kitambaa cha baridi, umegeuka matone. Ndiyo maana nataka matabaka mawili, matone yabaki kwenye paa wewe uwe nyuma ya wavu. Na fungua matundu ya hewa hata kukiwa na baridi.

Muda umenibana, vigingi na mishono nitaviruka. Hili siliruki: huku kwetu kwenye baridi watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga. Kwenye hema usithubutu, hata likiwa limebaki makaa mawili. Hewa yake haina harufu, na inaua mtu usingizini. Ukisikia baridi vaa nguo kavu, kula, kaeni karibu.

Maswali tutayajibia nje. Mahema mawili yako pale chini ya mparachichi, moja la chumba kwanza na moja la paa kwanza, na ndoo zimejaa. Wewe na dada hapo mbele mtasimika, mimi nitawamwagia maji, kisha kila mtu atie mkono sakafuni.