Vichujio vya Barua Pepe Visikae Nyumbani kwa Mtumiaji

Wataalamu wenzangu wa TEHAMA, habari za mchana. Poleni na safari, hasa mliotoka Kongwa na Mpwapwa.

Nianze na swali. Barua ya kawaida ikifika hapa Dodoma, posta wanaipeleka wapi? Wanaitia kwenye S.L.P. Mwenyewe awe shambani, nyumba iwe na kufuli, barua imeshafika. Seva zetu nyingi za barua pepe haziko hivyo. Kila ujumbe ukiingia, zinabisha hodi kwanza nyumbani kwa mtumiaji zisome maagizo yake.

Maagizo hayo ndiyo vichujio: yanasema kila barua iwekwe wapi. Procmail, programu ya kupanga barua zinazoingia, huyatafuta kwenye faili la .procmailrc, ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji, na mara nyingi folda hizo ziko kwenye seva nyingine, zinaletwa kwa NFS, yaani kupitia mtandao. Umeme ukikatika, ukarudi, barua ikaingia kabla folda hazijaunganishwa, Procmail haioni faili lolote. Wala haipigi kelele! Inaiweka barua kwenye sanduku la kawaida, kana kwamba mtu huyo hakuwahi kuwa na kichujio. Mnakuja kujua pale mkuu wa idara anapouliza mbona nyaraka za zabuni zimechanganyika na matangazo.

Kwenye Postfix, programu ya seva inayopokea na kusambaza barua pepe, kuna mpangilio uitwao require_home_directory. Usipougusa, umezimwa. Ukiuwasha, barua ya mtu ambaye folda yake haionekani inabaki foleni na kujaribiwa tena, kwa kawaida hadi siku 5, ndipo irudishwe kwa mtumaji. Mimi naona bora barua ichelewe kuliko ipite bila kuchujwa. Lakini someni maelezo ya mpangilio huohuo: wenye Postfix wameandika kwa herufi kubwa kwamba kuleta folda za nyumbani kwenye seva ya barua hakushauriwi. Herufi kubwa, jamani.

Basi tuviondoe vichujio huko. Anayeipenda Procmail aandike DROPPRIVS=yes ndani ya /etc/procmailrc, kisha INCLUDERC=/etc/procmail/$LOGNAME, ili kichujio cha kila mtumiaji kisomwe kwenye faili lenye jina lake ndani ya /etc/procmail. Mpangilio huo wa kwanza msiusahau, maana bila huo kichujio cha karani kinaweza kuendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva.

Ila ningekuwa naanza upya, ningechagua Sieve, lugha ya kuandikia vichujio, kupitia Dovecot, programu ya seva inayotunza masanduku ya barua, folda za barua zikae /var/vmail kwenye diski ya seva yenyewe. Mtumiaji anabadilisha kichujio chake kwa ManageSieve, njia ya kutuma vichujio kwenye seva kupitia mtandao, bandari 4190, bila hata kuwa na akaunti ya kuingia kwenye seva. Na lugha ya Sieve, kama ilivyoandikwa kwenye RFC 5228, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2008, haina kitanzi cha kurudiarudia, kwa hiyo hakuna kichujio kitakachozunguka bila mwisho.

Kabla ya kuhama, kusanyeni .procmailrc zote folda zikiwa bado zinaonekana. Mtakuta nyingine zinaita programu za nje. Sieve ya kawaida haifanyi hivyo, kwa hiyo wenye nazo itabidi mkae nao mmojammoja.

Naona mwenzetu wa Bahi ameinua mkono. Karibu.