Kupandisha Dau Juu ya Dau Kabla ya Flopu: Mhadhara Uliotolewa Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi vijana mliotoka Mwanjelwa na Soweto katika baridi hii ya Julai, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu la poka ya Omaha yenye ukomo wa poti, yaani dau haliwezi kuzidi chipu zilizokusanyika katikati ya meza (poti), nalo ni wakati gani mchezaji aliyeketi ana kwa ana na wenzake apandishe dau juu ya dau la mwingine kabla ya flopu, yaani kabla karata tatu za kwanza za mezani hazijafunuliwa. Naamini kwa dhati kwamba uamuzi huo hutegemea zaidi nafasi uliyoketi na chipu zilizobaki mbele yenu kuliko ree (karata za A) mbili ulizoshika mkononi.

Tutangulize hesabu, maana hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme dau za lazima, ambazo wachezaji wawili huziweka kabla ya mchezo kuanza, ni chipu 1 na chipu 2. Anayefungua, yaani anayekuwa wa kwanza kupandisha, kwa ukomo wote hufikisha 7, kwa sababu hulipia kwanza zile 2, poti ikawa 5, kisha huongeza 5 nyingine. Ukitaka kumpandishia kwa ukomo wote, unakuta poti ina 10, unalipia 7 ili ifike 17, halafu unaongeza 17, na jumla yako inakuwa 24. Iwapo kati yenu yupo mmoja aliyekwisha kufuata kwa 7, ukomo wako hupanda hadi 31. Ukiwa na shaka, muulize mgawaji kabla hujasogeza chipu. Wala si aibu.

Sasa tuje kwenye ree. Katika Texas Hold'em, mwenye ree mbili hummudu mwenye wafalme wawili takriban mara 4 kati ya 5, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza wanaohamia Omaha. Huku kila mchezaji hupewa karata 4, na ni lazima atumie 2 kamili kati ya hizo pamoja na 3 za mezani. Ree mbili zikiandamana na 7 na 2, karata zote nne zikiwa za aina tofauti, zikikutana na ghulamu, 10, 9 na 8 ambazo mbili ni kopa na mbili ni shupaza, ushindi unakaribia kuwa nusu kwa nusu.

Ree mbili hupatikana kama mara moja katika migao 40. Anayezisubiri hizo tu ndipo apandishe amewafunulia wenzake nusu ya mkono wake, nasi tunaocheza meza ileile juma baada ya juma tunazijua tabia za kila mmoja wetu. Watamfuata, wataitazama flopu, na watabaki mchezoni pale tu inapowafaa, ilhali yeye anabaki akikisia.

Hapo ndipo chipu zilizobaki zinapoamua. Kila mmoja akiwa na 200, ukapandisha hadi 24 na mfunguaji akakufuata huku wengine wakitupa, poti inakuwa 51 na mbele yenu zinabaki 176, yaani zaidi ya mara 3 ya poti. Huo ni uwanja mpana mno kwa mtu anayezijua karata zako, hasa kama anacheza baada yako. Mkianza na 80, zinabaki 56, karibu sawa na poti, kwa hiyo dau moja baada ya flopu hutosha kumaliza karibu kila kitu, na ree kavu, yaani ree mbili zisizo na karata za kusaidiana nazo, hupata thamani yake. Dereva wa lori huchagua gia akiwa bado juu, kabla hajaanza kuteremka Kitonga. Nawe pima mteremko kabla ya kupandisha. Kwa ree kavu, chipu zikiwa nyingi na wewe ukiwa unatangulia kucheza, mimi hufuata tu.

Kinyume chake, chipu zikiwa nyingi nawe ukiwa wa mwisho kucheza, ule mkono wa ghulamu, 10, 9 na 8 unastahili kutumiwa kupandisha dau, kadhalika ree moja yenye mfalme wa aina yake na karata mbili zinazofuatana. Ree hiyo moja ina faida nyingine ambayo naipenda sana: hupunguza karibu kwa nusu uwezekano wa mpinzani kushika ree mbili.

Meza zetu zina jambo jingine zito: watu hawatupi karata. Ukipandisha hadi 31, watatu watakufuata kana kwamba hukusema neno. Basi usipandishe kwa nia ya kuwafukuza, bali pandisha mkono unaoweza kujenga mfuatano (karata tano zinazofuatana) au flashi (karata tano za aina moja) ya juu kabisa dhidi ya wote, kwa sababu mbele ya umati ree kavu ndizo hunyauka mapema.

Sasa tugawanyike kwenye meza, kila mmoja aanze na chipu 200 za mazoezi, na kila anayepandisha aandike kabla ya flopu ameketi wapi na zimebaki chipu ngapi.