Taa imewaka: inapima nini?

Mhadhara kwa madereva na wenye gari, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Ndugu zangu madereva, wenye gari, na nyinyi vijana wa gereji mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie taa za dashibodi. Nitazungumza kama fundi umeme wa gari, maana taa hizi ndizo zinazonilisha, na wengi wanaoniletea gari huja na ombi moja tu: "Fundi, nizimie hii taa."

Mimi ningependa mtu aje na suali: hii taa inapima nini? Kila taa iliyopo pale mbele imefungwa kwenye kitu, ama swichi, ama sensa, ama kompyuta inayozisoma hizo sensa. Haijui gari yako inaumwa nini. Inajua kile ilichofungiwa, basi. Ukikijua na wewe, utajua uogope kiasi gani na ufanye nini, hata ukiwa peke yako usiku njia ya Ngezi.

Rangi nitazipita haraka, nyingi mnazijua. Nyekundu, tafuta pahala pa salama usimame. Njano, unaweza kufika uendako, lakini usikae nayo mwezi. Kijani na buluu ni taarifa, kama indiketa na taa za full. Michoro yake imewekewa utaratibu wa kimataifa, kwa hivyo lile kopo la oili ni lile lile kwenye gari ya Japani na ya Ujerumani. Na yule bibi wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha gari, maana naulizwa sana: mara nyingi anakwambia kadi ya ETC haimo. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Sisi hapa hatuna barabara ya kulipia. Mwache aseme, au fundi akichomoe kidude chenyewe, gari haitodhurika.

Tuingie kwenye hilo kopo la oili, taa nyekundu. Wengi wanadhani inapima wingi wa oili. Inapima presha, yaani nguvu ambayo pampu inasukumia oili kwenda kwenye beringi. Swichi yake ni kidude kidogo kilichokazwa kwenye bloku ya injini, na kwenye gari nyingi huwasha taa pale presha inaposhuka chini ya PSI 7 hivi. PSI hiyo hiyo anayoitumia mtia upepo wa tairi. Sasa injini nzima, ya moto, ikiwa mwendoni, hutembea na PSI 30 mpaka 60. Tazameni hapo. Kutoka 40 mpaka 7 taa ilikuwa kimya! Ikiwaka wewe ukiwa mwendoni, ujue oili haifiki tena inakotakiwa, na chuma kinasugua chuma. Kwa hivyo hii haina mjadala. Toa mguu kwenye mafuta, egesha, zima injini. Usijiambie "nifike pale sheli tu". Dakika chache zinatosha injini kunoki, na ikinoki hapa Pemba unasubiri nyingine ije na meli.

Ukishazima, ngoja kidogo oili ishuke chini. Chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Ikiwa oili iko chini ya alama, ongeza, washa, na taa izime ndani ya sekunde chache. Ikizima, nenda taratibu ukatafute ilikokwenda hiyo oili, kwa sababu oili haipotei bure: ama inavuja, ama inaungua, na moshi wa buluu nyuma utakwambia. Lakini stiki ikionesha imejaa na taa bado inawaka, usiwashe tena. Inaweza kuwa swichi tu imekufa, na swichi ni kitu rahisi. Inaweza pia kuwa pampu. Pale barabarani huna geji ya kujulia, kwa hivyo ivute kwa kamba.

Joto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Unguja barabara ni tambarare, sisi huku ni kupanda na kushuka, na msimu wa karafuu unamkuta mtu amejaza magunia mpaka juu anapanda mlima na AC inapuliza. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto kabisa. Zina taa mbili za alama ile ile ya kipimajoto ndani ya maji: buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imezidi. Katikati hapo huoni kitu. Kwenye gari zenye mshale, mshale ukianza kupanda kupita kawaida yake, zima AC, punguza mwendo, fungua vioo, na washa hita mpaka mwisho. Mnacheka, lakini hita ya gari inapitisha maji ya moto ya injini kwenye rejeta yake ndogo, na feni inalitoa lile joto nje ya maji. Utatoka jasho, injini itapona. Taa nyekundu ikiwaka usijaribu lolote la hayo, simama uzime.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Mnaambiwa kila siku, lakini hamuelezwi kwa nini. Mfuniko ule unazuia presha, na maji yakiwa ndani ya presha hupita nyuzi 100 bila ya kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka kwa mara moja, na maji yanachemka ghafla, yanaruka pamoja na mvuke pale pale mbele ya uso wako. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila ya kuungua. Na injini iliyoungua usiimwagie maji baridi, utapasua silinda hedi.

Kuna jambo moja hata madereva wazoefu halijawafika. Sensa ya joto inakaa ndani ya maji na inapima maji. Maji yakimwagika yote, inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza hata kushuka. Gari inanuka moto, imekosa nguvu, na mshale unaonesha baridi! Ukiona hivyo, maji yamekwisha.

Kuhusu maji ya kutia, visima vya maweni vina chokaa. Ule ukoko mweupe ulio ndani ya birika la chai nyumbani ndio huo huo unaoziba vijitundu vya rejeta. Tumieni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na mkikwama kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima. Na vijana wa nyuma kule, hili lenu: acheni kung'oa thamostati, ile valvu inayoyazuia maji yasende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Naambiwa "nchi yetu ya joto, haina kazi". Ile ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82, na joto la Pemba halifiki hata nusu yake. Ukiing'oa, taa ya buluu inachelewa kuzima, kompyuta inadhani asubuhi haijesha, inaendelea kumwaga petroli ya kuwashia injini baridi. Kisha mwenye gari analalamika gari inakunywa.

Hapo hapo kwenye unywaji, kuna taa ya njano imeandikwa O/D OFF. Si ubovu. Kuna kitufe pembeni ya mkono wa gia, mtu kakigusa, gari haingii gia ya mwisho. Nimeona Noah na IST zinatembea miaka na taa hiyo. Kibonyezeni.

Sasa cheki injini, ile ya njano yenye picha ya injini. Hii haina swichi yake. Kompyuta ndiyo inayoiwasha baada ya kulinganisha sensa nyingi na kuona hesabu hazikubaliani. Ikiwaka imetulia na gari inakwenda vizuri, endelea na safari, ukapimwe siku mbili tatu hizi. Ikiwaka inapepesa, hiyo ni silinda inakosa moto. Petroli mbichi inatoka kwenye injini inaingia kwenye eksozi na kuungulia ndani ya masega, yale yenye vijitundu vya kusafishia moshi, na masega yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na usiende mbali. Mara nyingi ni plagi au koili moja.

Kupimwa kwenyewe ndiko kunakotupotezea pesa. Marekani waliamua gari mpya zote kuanzia mwaka 1996 ziwe na tundu moja la vipini 16 chini ya usukani, nchi nyengine zikafuata kwa miaka yao, ndiyo maana mashine moja inasoma gari nyingi. Gari za zamani za Japani nyengine hazisomeki. Mashine inatoa namba, tuseme P0171. Fundi anasema "sensa ya oksijeni", unaagiza Unguja, inafungwa, baada ya siku tatu taa imerudi. Namba ile haikusema sensa imekufa. Ilisema hewa imezidi petroli. Hewa inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka, pampu ya petroli inaweza kuwa imechoka, sensa ya kupimia hewa inaweza kuwa na vumbi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa habari, na sisi tunamuua mleta habari. Fundi akikwambia "badilisha", muulize amepima nini baada ya mashine.

Breki. Alama nyekundu ya mshangao ndani ya duara inapima vitu viwili: hendibreki, na boya linaloelea kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Hendibreki ikiwa chini na taa bado inawaka, mafuta yamepungua. Usikimbilie kuongeza. Padi zikilika, mafuta hushuka yenyewe kwenda kujaza nafasi, kwa hivyo taa huenda inakwambia padi zimekwisha. Kama padi ni nzima, basi unavuja, na gari isitoke. Mafuta ya breki pia hunywa unyevu wa hewa, na sisi ni watu wa kisiwani. DOT 3, daraja moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 angalau, ikishanywa maji kiwango chake kinashuka mpaka 140. Yakichemka kwenye mteremko, pedali inazama mpaka chini. Badilisheni kila miaka miwili. Taa ya njano ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisikwame ukipiga breki, ikiwa peke yake, breki za kawaida unazo. Zikiwaka zote mbili pamoja na hendibreki iko chini, simama.

Airbag, ile ya mtu na puto. Sababu nyepesi ni soketi ya rangi ya manjano chini ya kiti. Viti vimetolewa kuoshwa, soketi haikurudi sawasawa. Lakini msiichomoe mkaichezea kwa waya na globu, ile inaripuka. Zimeni, toeni waya wa betri, ngojeni dakika chache. Na hapa ndipo taa ilipofikia mwisho wa ilmu yake. Airbag za kampuni ya Takata ya Japani zilitiwa kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka, zikawa zikiripuka zinarusha vipande vya chuma. Watu wamekufa nchi mbali mbali, gari za Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyengine ziliitwa zirudi, na mwaka 2017 kampuni ikaomba kufilisika. Taa ya airbag inapima saketi ya umeme, haijui kemikali imeharibika. Joto na unyevu, ndugu zangu, sisi tunavyo vyote viwili. Chukueni namba ya chesisi muiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, mtajua yenu imo au haimo.

Masuali.

Bwana wa daladala ya Wete ameuliza kuhusu taa ya betri: katia betri mpya na taa bado inawaka. Mzee wangu, taa ile haipimi betri, inapima kama betri inachajiwa. Betri nzima ikitulia ina volti 12.6 hivi, injini ikiwaka inatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.5. Huzioni, angalia oltaneta, ile mashine inayochaji betri, na mkanda wake. Na fungua boneti kwanza, kwa sababu gari nyengine mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukiwa umekatika, usiende hata maili moja.

Mama pale mbele anataka kununua gari iliyokwishatumika hapa, anaogopa taa zimefichwa. Bi mkubwa, nenda asubuhi gari ikiwa baridi. Weka swichi bila ya kuwasha injini. Taa za oili, betri, cheki injini, ABS na airbag zote zinatakiwa ziwake. Isiyowaka, globu imetolewa au imezibwa, na utajua mwenyewe ilikuwa inasema nini. Kisha washa, uangalie zinavyozima. Airbag huzima baada ya sekunde kadhaa kwa wakati wake. Ikizima sawasawa pamoja na ya oili, kuna mtu kaziunganisha waya. Mwisho, njoo na fundi mwenye mashine. Namba zikiwa zimefutwa jana, mashine itaonesha kwamba majaribio ya kompyuta hayajakamilika, na hayo hukamilika baada ya gari kutembea. Omba utembee nayo mpaka Mkoani na kurudi, kisha ipimwe tena.