Kutoka Malindi Hadi Tomar: Nimeufuata Msalaba wa Vasco da Gama Mpaka kwa Wenyewe

Assalaam aleykum, hamjambo nyote. Mnanisikia? Ngojeni kwanza, upepo wa hapa hauna adabu. Maikrofoni nimeivisha soksi ya mwanangu, mtandio nimeubana kwa pini tatu, na bado. Haya, nikijibanza hivi nyuma ya ukuta nadhani mtanipata.

Niko Tomar, Ureno. Juzi usiku nilikuwa kazini Luton, Uingereza, nageuza wazee vitandani. Jana nikalala ndegeni mdomo wazi mpaka Lisbon. Leo nimepanda treni, mwendo wa saa mbili hivi kuja huku bara. Mji wenyewe mdogo, mto Nabão unaukata katikati, na juu ya kilima ndiyo hii ngome niliyoegemea. Ilianza kujengwa 1160. Nyinyi mlionizoea kwa video za bei za vyakula na jinsi ya kutuma mizigo nyumbani, leo mnisamehe. Leo nimekuja kwa shida zangu mwenyewe. Mimi ni mgonjwa wa historia ya Matempla, wale wapanda farasi wa Vita vya Msalaba, vita vya Wakristo wa Ulaya na Waislamu kugombea Yerusalemu, na ugonjwa huu nimeuficha miaka sita.

Nimeuficha kwa sababu nawajua watu wangu. Nilipomwambia khalati yangu wa Shela kwenye simu kwamba nasafiri kwenda kuona ngome ya hawa watu, alinyamaza, kisha akasema, "We mtoto, hao si ndio waliotuchinja Baitul Maqdis, huko Yerusalemu? Umekosa watu wa kupenda?" Nikamjibu, khalati, yule mwanamke mwovu kwenye tamthilia yako ya Kituruki, unampenda? Humpendi. Lakini usiku hulali mpaka ujue kafanya nini. Akacheka, akaniambia nisisahau kumletea sabuni.

Basi niwaeleze ilivyonianza. Nilikuwa darasa la sita, Malindi. Mwalimu akatupeleka kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, akatupanga mstari pale juu ya mawe, bahari inapiga chini. Akasema, "Vasco da Gama alifika 1498, andikeni." Tukaandika. Mimi nilikuwa naangalia juu, kwenye ule msalaba wa jiwe uliotoka Lisbon. Nikamuuliza, "Mwalimu, kwani alikuwa padri?" Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, tukaenda kununua mabuyu. Jibu sikulipata siku ile. Limekaa huku kilimani likiningoja.

Turudi nyuma kidogo. Wazungu wa Vita vya Msalaba waliiteka Yerusalemu Julai 1099, na damu iliyomwagika siku zile hata waandishi wao wenyewe hawakuificha. Yapata miaka ishirini baadaye, Mfaransa mmoja, Hugues de Payens, akakusanya wenzake wachache wakala nadhiri kama watawa: umaskini, kutooa, utii. Lakini watawa wenye panga, kazi yao kulinda mahujaji njiani. Mfalme wa Yerusalemu akawapa makao, na mnajua aliwapa wapi? Msikiti wa Aqsa. Wao waliuita Hekalu la Suleiman, na jina likawaganda: Askari Maskini wa Kristo na wa Hekalu la Suleiman. Refu kama jina la mtoto wa kwanza wa ukoo. Mimi nawaita Matempla tu.

Kwenye filamu utawaona wanang'aa, joho jeupe, msalaba mwekundu, farasi anasimama kwa miguu miwili. Mimi lililonikamata ni kanuni zao. Waliwekewa kanuni kwenye mkutano wa kanisa huko Troyes mwaka 1129, na ukizisoma unajiona umerudi shule ya bweni. Nyama mara tatu kwa wiki. Mnakula wawili wawili bakuli moja, kwa uchache wa vyombo, kimya, huku mtu anasoma Maandiko. Viatu vyenye ncha mbele, marufuku. Kamba za viatu, marufuku. Mnalala na nguo, taa inawaka mpaka asubuhi. Kumbusu mwanamke ni marufuku, hata mama yako, hata dada, hata shangazi! Kuwinda pia marufuku, isipokuwa simba. Simba ruksa. Nilipofika hapo, saa tisa za usiku, wazee wote wamelala, nilicheka peke yangu koridoni mpaka mwenzangu wa zamu akaja kuniuliza kama niko salama.

Na joho jeupe si la kila mtu. Ni la wapanda farasi wenyewe, kila mmoja na farasi watatu na mtumishi wa kumbebea silaha. Wengine walivaa nyeusi au hudhurungi, na hao ndio waliokuwa wengi. Kwa hiyo picha uliyonayo kichwani ni ya wachache waliobebwa na wengi. Hilo halishangazi mtu aliyefanya kazi hotelini Malindi.

Kuna na mambo ya pesa. Walioapa umaskini walipewa mashamba, vinu na nyumba Ulaya nzima, hadi wakawa na hazina Paris ambamo wafalme wa Ufaransa waliweka mali zao. Mfalme Louis wa Saba aliishiwa vitani huko Shamu, yaani Syria na Palestina, akakopa kwao. Na hujaji aliweza kuacha fedha zake huku, akapewa hati, akaenda kuchukua kule bila kubeba kitu cha kuibiwa njiani. Mzee wa Kimombasa ataita hundi. Mimi namwona wakala wa M-Pesa aliyevaa deraya.

Sasa khalati, najua unatazama, kaa sawa, hii ni yako.

Kulikuwa na mtu wa Shamu, Usama bin Munqidh, amiri na mshairi, Mwislamu safi, aliyepigana na Wafaranji, yaani hao Wazungu wa Msalaba, na pia kukaa nao miaka ya suluhu. Uzeeni akaandika aliyoyaona. Anasema alikuwa akizuru Yerusalemu, anakwenda Aqsa, na Matempla, anawaita rafiki zake, walikuwa wakimwachia wazi kimsikiti kidogo kando pale walipopafanya kanisa, ili aswali. Siku moja kasimama, kapiga takbira, ghafla Mfaranji mmoja kamrukia, kamgeuza uso mashariki: "Swali hivi!" Matempla wakaja mbio wakamtoa. Usama akaanza upya. Yule jamaa akavizia, akarudi, akamgeuza tena! Wakamtoa tena, na safari hii wakamwomba Usama radhi: huyu mgeni, amefika siku hizi tu kutoka nchi za Wafaranji, hajapata kumwona mtu anayeswali asielekee mashariki.

Wallahi nimeisoma mara ngapi sijui. Kwa sababu wale ni wauaji, tusidanganyane. Na ni watu waliomsafishia mtu mahali pa kuswali, wakaona haya kwa ushamba wa mwenzao. Hata kule Uingereza mtu ukikaa miaka kumi unaanza kumwonea haya aliyefika jana, anayepiga kelele kwenye basi.

Lakini Salahuddin, sultani wa Misri na Shamu, hakuwachekea. Julai 1187 aliwavunja Wafaranji huko Hattin, Palestina, na mateka wengine wakakombolewa au kuuzwa, ila Matempla na ndugu zao wa Hospitali, shirika jingine la watawa wenye panga, aliwanunua mwenyewe, dinari 50 kwa kila mmoja, akaamuru wakatwe vichwa. Aliwajua vizuri mno kuwaachia. Oktoba ile ile akaingia Yerusalemu, tarehe 27 Rajab, usiku wa Miraji, Mtume alipopaa kutoka mji huo huo. Mtu mwenye akili ya matangazo, yule.

Twendeni huku. Chungeni, nashuka ngazi. Huu mlango niliosimama unaitwa Porta do Sangue, Mlango wa Damu. Mnaniuliza Ureno na Yerusalemu wapi na wapi? Ureno nayo ilikuwa uwanja wa vita hivyo hivyo. Lisbon yenyewe ilikuwa ya Waislamu mpaka 1147, ikatekwa kwa msaada wa Waingereza, Waflandria na Wajerumani waliokuwa njiani kwenda Shamu. Aliyejenga ngome hii, Gualdim Pais, alikuwa mkuu wa Matempla wa Ureno, na kabla ya hapo alipigana miaka kadhaa huko Mashariki. Mwaka 1190 jeshi la Yaqub al-Mansur likaja kutoka Morocco, likavunja hapa, likaingia uani. Mzee Gualdim alikuwa ndani, miaka yake imepita sabini. Siku sita. Hawakuiweza ngome, wakarudi. Na mimi nimesimama mlangoni na mtandio wangu na chapati mkobani, sijui nimshangilie nani. Nilijaribu kuwashangilia wa kwetu, nikajikuta namhesabia yule mzee siku.

Ndani sitapiga kelele, kuna watu wanasali. Angalieni juu. Kanisa hili ni la mviringo, kwa nje lina pande kumi na sita, na katikati kuna hii kama kiota cha nguzo chenye pande nane. Wanaotembeza wageni watakwambia wapiganaji walikuwa wakiisikiliza misa juu ya farasi, wakizunguka. Hiyo mimi naiweka fungu moja na hadithi za barazani, ingawa nakiri nimeipima kwa macho na farasi anapita.

Sasa mwisho wa Matempla. Walifukuzwa Akka, mji wa mwisho wa maana wa Wafaranji huko Shamu, 1291, wakabaki na mali bila kazi. Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa alikuwa na madeni. Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1307, alfajiri, akawakamata Ufaransa nzima kwa mashtaka ya kumkana Kristo na kuabudu masanamu, mateso yakatoa maungamo. Mwaka 1312 Papa akalifuta shirika. Mwaka 1314 mkuu wao, Jacques de Molay, akachomwa moto Paris.

Ila hapa Ureno, tazama ujanja wa Mfalme Dinis. Papa kasema mali zao ziende kwa wale wa Hospitali. Dinis akavuta, akabembeleza, akatuma wajumbe, na 1319 akapata hati ya Papa ya kuanzisha shirika jipya: Shirika la Kristo. Mashamba yale yale, ngome zile zile, na baadhi ya watu wale wale. Tangu 1357 makao yao yakawa papa hapa Tomar. Ni kama duka lililofungwa na kanjo usiku, asubuhi limefunguliwa na kibao kipya. Msalaba wao nao ukabadilika kidogo tu: mwekundu kama wa zamani, katikati ukapitishwa mwembamba mweupe.

Shikeni hapo kwenye msalaba. Mwaka 1420 msimamizi wa mali za shirika hili akawa Mwana wa Mfalme Henrique, na mapato yake yakasaidia kulipia merikebu zilizoteremka pwani ya Afrika. Matanga yakachorwa msalaba huo. Baadaye msimamizi akawa Manuel, naye akawa mfalme, na ndiye aliyemkabidhi Vasco da Gama bendera ya hariri yenye msalaba wa Shirika la Kristo aende nayo Bahari ya Hindi. Mjuaji mmoja atasema Gama mwenyewe alikuwa wa Shirika la Santiago, shirika jingine la namna hiyo, akahamia la Kristo 1507. Kweli. Lakini bendera ilikuwa hii. Aprili 1498 akafika Mombasa, hawakuelewana. Akapanda Malindi, mfalme wa Malindi akampokea, akampa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, na Gama akatuachia nguzo.

Kwa hiyo mwalimu, popote ulipo: padri hakuwa. Lakini swali langu halikuwa la kijinga.

Nimewawekea la mwisho, hili dirisha. Wengine wote hapa wanapiga picha zao wenyewe wakitabasamu. Mimi nawasogezea. Alilichonga Diogo de Arruda, kati ya 1510 na 1513. Ona kamba, nene kama amari ya jahazi, na mafundo yake. Nimekulia ufukweni, fundo nalijua, na huyu fundi alikaa akamtazama baharia akifunga. Huu ni mwani. Haya, haya yaliyochomoza hivi, ni matumbawe. Na juu kabisa, pale kwenye ukungu wa kuvu, ndio msalaba wenyewe.

Matumbawe ya jiwe, kwenye mji usio na bahari. Mombasa Wareno waliichoma 1505, na Kilwa wakaipora mwaka ule ule. Dirisha wakalianza miaka mitano baadaye.

...Subirini, mlinzi ananionyesha saa. Wanafunga. *Sim, sim*, natoka. Betri nayo ina asilimia tisa. Kesho, inshallah, nakwenda Almourol, ngome nyingine ya mzee Gualdim, iko kisiwani katikati ya mto, unavushwa kwa mashua.

Ila nina ombi kwa mtu aliye Malindi. Asubuhi kabla jua halijawa kali, nenda pale kwenye nguzo, ushuke mawe kwa uangalifu, unipigie picha ya msalaba upande wa baharini, siyo ule upande wa njia wanaopiga wote. Sogea mpaka vionekane vitundu vya jiwe. Nataka niuweke ubavuni mwa huu. Na ukipita Shela, mwambie khalati sabuni nimenunua.