Jaguar E-Type Haikuanzia Geneva

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia. Kila anayesimulia habari za Jaguar E-Type, gari la michezo la Kiingereza, anaanzia kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Machi 1961, lilipozinduliwa. Hiyo ni siku ya harusi. Mimi naulizia posa.

Anzeni Blackpool, Uingereza, 1922. William Lyons, kijana wa miaka 21, na jirani yake William Walmsley wanatengeneza vigari vya pembeni vya pikipiki. Baadaye wanahamia mji wa Coventry, wanaingia kwenye magari, na kampuni hiyo ndiyo ikaja kuwa Jaguar. Haya mnayajua.

Vita Kuu ya Pili ndiyo nataka tukae nayo. Novemba 1940 Coventry inapigwa mabomu, katikati ya mji panateketea. Viwandani watu wanapangiwa zamu za usiku kuchunga moto. Lyons anafanya jambo moja la akili sana: anajipanga zamu moja na wahandisi wake, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily. Macho yao yako angani, midomo inazungumza injini. Mtu ataniuliza, kiwanda si kilikuwa na kazi za jeshi? Kilikuwa nazo, bwana! Ndiyo maana mazungumzo yakawa ya usiku. Mchana haukuwa wao.

Vita vikaisha, na mwaka 1948 injini waliyoizungumza ikatoka ndani ya gari la Jaguar XK120: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kamshafti mbili, yaani mihimili inayofungua vali, juu ya silinda hedi. E-Type ya 1961 ilitumia injini hiyohiyo, imekuzwa kufikia lita 3.8. Na injini hiyo iliendelea kutengenezwa hadi 1992. Miaka 44! Halafu mtu anasimama kuniambia gari hili lilibuniwa 1961.

“Lakini uzuri wake ni bodi.” Sawa, twende kwenye bodi. Malcolm Sayer, aliyeichora, alitoka kwenye utengenezaji wa ndege huko Bristol, na mikunjo ile aliikokotoa kwa hesabu, namba baada ya namba, ili upepo upite bila kugomba. Alianza na magari ya mashindano. Mojawapo, D-Type, ilishinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, 1955, 1956 na 1957. Ukifungua boneti ya E-Type, inainuka yote kwenda mbele pamoja na madigadi, na unaona fremu ya mabomba iliyobeba injini, imefungwa kwa bolti kwenye bodi. Huo ni mtindo wa D-Type.

Breki za diski nazo zina kisa chao, C-Type, gari la mashindano lililoitangulia D-Type, ilishinda nazo Le Mans 1953, lakini naona naonyeshwa saa. Na Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, aliyeendesha usiku kucha kutoka Coventry kuifikisha E-Type ya pili Geneva, tutamzungumza siku nyingine.

Nimeleta picha mbili, fremu ya D-Type na ya E-Type. Ziko hapa mezani. Njooni mziweke bega kwa bega.